Muhuri wa Kijani Kutoka Kichuguuni

Usiku wa jana niliota kikapu changu kina mafua.

Kilikuwa kimekaa mapajani mwangu, kinapumua kwa shida, na kila kilipopiga chafya majani makavu yaliruka nje. Sikushangaa. Kanuni ya kwanza ya chama chetu cha uyoga inasema kikapu lazima kipumue. Mfuko wa plastiki hauruhusiwi, kwa sababu uyoga hutoka jasho humo na kuoza. Sasa kitu kinachopumua, siku moja kitapata mafua. Niliona ni haki yake.

"Pole," nikakiambia.

"Asante," kikasema. "Ni ile mvua ya jana. Tena ni kile ulichonibebesha."

Nilijua kinazungumzia nini.

Niseme kwanza yaliyotokea jana mchana nikiwa macho kabisa, la sivyo ndoto hii haitaeleweka. Kila Jumamosi ya msimu wa mvua, chama chetu huongoza wageni kwenda kutafuta uyoga katika msitu wa miombo nje ya mji wa Iringa. Kiongozi wetu ni Bibi Skolastika. Ana miaka sabini na minne na macho yake yameanza kuingia ukungu, lakini mkono wake unaona. Akiupata uyoga, hushusha kidole gumba kando ya shina mpaka ndani ya udongo, taratibu, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, hadi auguse mzizi. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka nyumbani kwa mchwa. "Huyu ana kwao," husema Bibi, na hapo ndipo huchuma. Nimesomea misitu chuoni miaka mitatu, na sijaona chombo cha maabara kinachokifikia kidole kile.

Lakini ni mimi niliyeleta kisu. Nilirudi kutoka chuoni nikawaambia, kwa sauti ndogo, kwamba ni afadhali kukata shina usawa wa ardhi kuliko kufukuafukua. Bibi alinisifu mbele ya wote, akatafuta visu kumi. Ni miaka miwili sasa.

Jana mgeni mmoja alikata uyoga mkubwa mweupe kwenye nyasi, kando ya zizi la zamani, akamletea Bibi. Kidole gumba kikashuka kutafuta mzizi, kikakuta pamekatwa bapa. Bibi akanigeukia.

"Mtaalamu wangu, ndiye?"

Mimi nilikuwa nimeona kivuli cha kijani, chembamba sana, kwenye mikunjo iliyo chini ya kofia ya uyoga huo. Lakini wageni walikuwa wakitutazama, na Bibi alikuwa na furaha, na kisu kilikuwa changu. Nikatabasamu, kama nifanyavyo ninapokosa pa kuuficha uso. Bibi akalichukua tabasamu kuwa ndiyo. Uyoga ule ukaingia kikapuni mwangu, na wenzake saba wakaufuata, ili wapikwe leo Jumapili kwa karanga, nyumbani kwa Bibi, wageni wapate kula saa saba mchana.

Kabla ya kukikabidhi kikapu nilichukua mmoja kwa siri. Nyumbani niliutoa shina, nikailaza kofia yake juu ya karatasi nyeupe, nikaifunika kwa glasi. Kofia ya uyoga ikilazwa hivyo usiku kucha huacha vumbi lake karatasini. Uyoga wa kichuguu huacha vumbi la rangi ya waridi. Yule mweupe anayeweza kufananishwa naye, anayewatapisha watu mpaka wanapelekwa hospitali, huacha la kijani.

Kisha nikalala, na kikapu kikawa na mafua.

"Tuitane majina!" anasema Bibi Skolastika.

Tuko kwenye mwanzo wa njia ya msituni. Bibi ana urefu wa mti, kichwa chake kiko katikati ya majani, ndege wawili wanazozana begani kwake na yeye hawakemei. Nilikuwa nikimhisi hivyo siku zote, kwa hiyo sikuona kitu kigeni. Nafurahi tu kwamba hatimaye na wengine wanamwona.

Nyuma ya msafara yupo Mzee Kastori, dereva wa lori mstaafu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma. Leo ameota vioo viwili vya pembeni mabegani, anavirekebisha kwa kidole.

"Mtaalamu," ananiita, kwa sababu hajawahi kuniita Fidea hata siku moja, "umependeza. Lakini mbona jina moja na mmekuja wawili?"

Nageuka. Kando yangu amesimama mwanamume mwembamba aliyevaa koti la mvua lililomzidi. Maji yanamchuruzika japo jua linawaka.

"Wewe ni nani?" namuuliza.

"Mimi ni Shaka," anasema. "Ni wa kwako."

"Sikukualika."

"Ulinilaza chini ya glasi," anasema bila hasira. "Kuna baridi kule."

Niliona aibu. Katika chama chetu shaka ana heshima yake. Kanuni ya mwisho, aliyoitunga Bibi mwenyewe, inasema hivi: yeyote mwenye shaka na chakula, awe mgeni, awe mtoto, anaweka mkono juu ya kifuniko cha chungu. Haulizwi sababu. Chungu kinamwagwa chote na watu wanakula ugali kwa chumvi. Kwa miaka kumi na tisa ya chama, ugali kwa chumvi umeliwa mara nne, na hakuna aliyeugua. Tena Bibi huonja wa kwanza kila mara, kabla ya mtu yeyote. Anasema kiongozi asiyeonja amebaki na maneno tu.

"Mtambulishe mwenzako," anasema Bibi kutoka huko juu.

"Ni... ni binamu," nasema.

Shaka ananitazama kwa huzuni, lakini ananifuata.

Tunapita kichaka cha kwanza, na papo hapo tuko darasani kwangu, chuoni. Magogo ndiyo madawati. Juu yake wamekaa uyoga wa kila namna: wa njano wenye umbo la tarumbeta, wekundu wanaong'aa kama viatu vipya, na wengine wa kijivu ambao nilisoma majina yao nikayasahau. Walikuwa wazuri mno. Nilisimama mlangoni nikasahau hata kupumua, ikabidi kikapu kinipumulie.

Pembeni, ukutani, wamepanga foleni uyoga wadogo kama vifungo vya shati, kila mmoja na mkoba mgongoni.

"Ninyi mnafanya nini hapo?" nikawauliza.

"Kanuni inasema wadogo waachwe," akajibu wa mbele. "Tumeachwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi."

Mbele ya darasa amesimama uyoga wa kichuguu, mama mtu mzima, kofia yake pana kama ungo, sketi ndefu imegusa sakafu. Ubaoni ameandika: USIMCHUME USIYEMJUA.

"Kamwene," nikamsalimu, kama wanavyosalimiana wenyeji wa huku kwetu.

"Kamwene. Unanijua?"

"Ndiyo, mama. Nimekusoma kitabuni."

"Hicho kitabu kiliwahi kuja kwetu?"

Darasa zima likacheka kwa adabu. Mwekundu mmoja aliangusha kalamu.

"Hapana, sidhani," nikasema.

"Basi usiseme unanijua. Sema umesikia habari zangu." Akaiinua sketi kidogo, na pale chini mzizi wake ukawa ngazi, inashuka gizani. "Nenda ukawasalimie. Wanakuulizia. Na huyo binamu yako umchukue, analowesha sakafu."

Tunashuka, mimi, Shaka na kikapu kinachokohoa. Ngazi ni ndefu. Kuna joto zuri, kama la jikoni ambako mtu amemaliza kupika sasa hivi. Chini kabisa tunafika kwenye ofisi. Mchwa mmoja mwenye miwani amekaa nyuma ya meza, na nyuma yake mamia ya mchwa wanapita wakibeba majani bila kugongana. Nimewahi kuona mipango mingi ya kazi, lakini ule ulinitoa machozi. Hakuna aliyepiga kelele, na kila mmoja alijua zamu yake.

"Shida yako?" anauliza karani.

"Nimekuja kusalimia."

"Umechelewa miaka miwili."

Ukutani juu ya kichwa chake kuna picha kubwa, imetiwa fremu na kuwekewa maua. Ni picha ya kidole gumba. Nilikitambua mara moja: ule ufa wa kucha, lile kovu la panga la utotoni.

"Ni Bibi Skolastika," nikasema.

"Jina lake hatulijui," akasema karani, akasimama kidogo kwa heshima kisha akaketi. "Sisi tunamwita Hodi. Kila mvua alikuja akabisha. Anateremka polepole, anagusa, anasubiri tujibu, ndipo anachukua. Katika maisha yake yote hajavunja hata kuta mbili. Vijana wetu wanafundishwa habari zake." Akavua miwani akaifuta. "Kisha kikaja kisu."

Hata wale waliobeba majani wakasimama.

"Nilileta mimi," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, karani akalazimika kuinua vinyoya vyake vya kichwani ili aisikie. "Nilidhani nawasaidia."

"Ulitusaidia. Watu hawatubomolei tena paa. Asante." Akaandika kitu. "Lakini hodi nayo ikakatwa. Siku hizi mtu anakatia mlangoni na kuondoka, hajui kama nyumba ni yetu au ya jirani. Kisu kizuri, binti. Ungekifundisha kubisha kwanza."

Shaka alinisukuma kidogo kwa kiwiko.

"Uliza," akasema.

"Siwezi."

"Utaweza. Hapa hakuna wageni, kuna mchwa tu."

Nikamgeukia karani. "Samahani. Wale wanane wa jana, weupe, wa kando ya zizi. Ni wa kwenu?"

Karani akafungua daftari, akashuka na unyoya mmoja wa kichwa kutoka mstari hadi mstari. Akafungua ukurasa wa pili. Akalifunga.

"Jana hakutoka mtu hapa," akasema.

Kikapu kikapiga chafya kubwa kuliko zote.

"Nipe kidole," akasema karani, akatoa muhuri. "Anayekuja kusalimia tunamgongea waridi. Wewe umekuja na swali. Wa swali ni kijani." Akanigongea kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, akapuliza pakauka. "Usinawe mpaka umeonyesha."

Nilitaka kumwuliza nimwonyeshe nani, lakini ofisi ilikuwa imekwisha. Nimesimama uani kwa Bibi Skolastika, jua la saa saba liko utosini, na chungu kiko juu ya mafiga.

Wageni wote wapo. Wameketi kwa duara, na katikati yao, kwenye kiti kizuri chenye kitambaa cha kufuma, ameketi mgeni wa heshima. Ni uyoga mrefu, amevaa nguo nyeupe na kofia nyeupe yenye madoa ya kahawia. Ni mtanashati, siwezi kukataa. Anashika kikombe kwa vidole viwili. Hana miguu: chini ya suruali amekatwa bapa, lakini kitambaa kimefunika na hakuna anayetazama.

"Karibu mezani, mtaalamu!" anaita Mzee Kastori, akizunguka na birika la kunawia. "Leo tuna mgeni msomi. Kila ukimwuliza jambo anakujibu."

"Amesema anatoka wapi?" nauliza.

"Amesema anatoka vizuri."

Nasogea. "Shikamoo," namwambia mgeni. "Kwenu ni wapi?"

"Marahaba. Kwetu ni hapa hapa," anasema kwa sauti laini.

"Kwa nani hapa?"

"Kwa watu wema." Ananitabasamia, na chini ya kofia yake naona mikunjo ina kivuli cha kijani. "Na wewe ndiye uliyenitambulisha, binti. Jana. Nakumbuka tabasamu lako. Nilipoulizwa mimi ni nani, ulitabasamu hivi." Akatabasamu tabasamu langu mwenyewe. Nililitambua kwa jinsi lilivyoegemea upande wa kushoto.

Wageni wakapiga makofi. Bibi Skolastika, ambaye sasa ana urefu wake wa kawaida na kanga yake ya kawaida, anachukua kijiko.

"Naonja mimi kwanza," anasema, "kisha ninyi."

Nakigeukia chungu. "Usimpokee huyu," nakinong'oneza.

"Mimi ni chungu," kinasema. "Napokea ninayeletewa. Kazi ya kuuliza ni yenu."

Nakigeukia kisu kiunoni. "Sema wewe."

"Mimi nilishasema," kinajibu. "Nilikata. Sijui neno jingine."

Natafuta sauti yangu na siioni. Nainama ndani ya kikapu, nadhani imedondokea humo, lakini kuna majani tu. Bibi ameshika kifuniko. Mvuke unatoka, una harufu nzuri ya karanga, na kila mtu anasema aaa. Shaka amesimama peke yake karibu na ukuta, hakuna aliyempa kiti, maji yanamchuruzika. Ananitazama mimi tu.

"Mkono," anasema. "Weka mkono."

Nanyoosha mkono kuelekea chungu. Mkono hauendi. Nasukuma kwa nguvu zote, na chungu kinasogea mbali, mpaka kinakuwa kidogo kama kofia ya kalamu, na bado namwona Bibi waziwazi, namwona anapuliza kijiko kipoe. Ana kawaida ya kufumba macho kabla ya kuonja. Anafumba macho.

"Siwezi!" nikapiga kelele bila sauti. "Mkono haufiki!"

"Huo si mkono wako," anasema Shaka kwa upole. "Wako umeulalia."

Nikaamka.

Nilikuwa nimeulalia kweli, wa kulia, umekufa ganzi hadi begani. Dirishani jua lilikuwa limeshapanda. Kengele ya misa ya pili ilikuwa inalia, maana yake ni saa nne kasoro robo na Bibi, ambaye huenda misa ya kwanza, yuko jikoni tangu saa tatu. Na Bibi huonja mapema. Huonja tangu karanga hazijaiva.

Mezani glasi ilikuwa pale pale nilipoiacha, imeinamishwa, na ndani yake matone ya maji yalikuwa bado yameshika ukuta. Hakuna aliyeigusa. Niliisogelea nikiuburuta mkono wangu kama wa mtu mwingine. Nikaiinua glasi kwa mkono wa kushoto, kisha kofia.

Karatasini lilikuwa limechoreka duara, mistari membamba kuliko nywele, yote ikianzia katikati na kusambaa kama miale. Sitaki kumsema vibaya yule mweupe. Ni mchoro mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Ulikuwa wa kijani.

Nikapiga simu. Iliita mara tano.

"Bibi, kamwene. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti yako iko mbali? Umesinzia na misa ikakupita?"

Nyuma yake niliisikia sufuria ya maji ya ugali, na Mzee Kastori akiuliza mwiko uko wapi. Nilifumba macho. Nilikuwa nimepanga maneno mengi: kisu, zizi, tabasamu, samahani. Hakuna hata moja lililotoka.

"Bibi," nikasema, "nina shaka. Naweka mkono."

Hakuuliza. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini, juu ya kitu kigumu.

"Kastori! Mwaga chungu."

"Chote, mama?" ilikuwa sauti ya Mzee Kastori. "Na karanga zote hizi? Hata nisilambe mwiko?"

"Chote, shimoni, na ufukie, kuku wasichakure. Fidea ameweka mkono."

"Mtaalamu ameongea?" akasema Mzee Kastori. "Basi namwaga na chungu chenyewe."

Nikaanza kulia, kimyakimya, kama nilivyozoea. Bibi alisubiri. Nilimsikia akisubiri, kama anavyosubiri kidole chake kikiwa ndani ya udongo.

"Nisamehe kwa jana, Bibi. Sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu."

"Najua. Na mimi nilikuta bapa nikanyamaza, nisikuaibishe na kisu chako. Tumekosa wawili, tutakula chumvi wawili." Akashusha sauti, kama hataki walio jikoni wasikie. "Hebu niambie. Kidole chako kina rangi gani?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kidole. Hata mimi sikuwa nimekitazama. Ganzi ilikuwa ndiyo kwanza inaniachia, na nikauinua mkono wa kulia, ule ambao haukuwa umegusa glasi wala karatasi, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kijani, Bibi."

"Vizuri," akasema. "Usinawe mpaka nimekiona. Na upitie dukani, chumvi imeniishia."